Mwano: Mji wa Dhahabu na Masikio ya Jirani

Oktoba 5, 2015, ardhi ya Nyangalata, wilayani Kahama, ilititia na kuziba mdomo wa duara, yaani shimo la dhahabu. Wachimbaji sita wakabaki chini. Wenzao waliokuwa juu walihangaika kuwafukua mpaka matumaini yakakatika, na waliofukiwa wakaanza kutajwa kama marehemu. Novemba 15, siku ya 41, sauti zikasikika kutoka chini. Wachimbaji wenzao walizisikia, wakaamini masikio yao, wakachimba tena. Watano wakatolewa wakiwa hai, mifupa na ngozi. Walikuwa wameishi kwa mende, vyura na maji ya tope. Wa sita alikuwa amefia humo humo.

Miaka tisa kabla ya siku hiyo, usiku wa Aprili 25, 2006, mwamba uliporomoka katika mgodi wa dhahabu wa Beaconsfield, mji mdogo wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia. Watu 17 walikuwa chini. 14 wakatoka salama. Larry Knight alifariki. Todd Russell na Brant Webb walinaswa ndani ya kizimba cha chuma walichokuwa wakifanyia kazi, zaidi ya mita 900 chini ya ardhi. Walipogunduliwa kuwa hai, Aprili 30, walikuwa wameishi kwa kipande kimoja cha kitafunwa walichogawana, na maji yaliyochuruzika kwenye mwamba. Walikuwa wakiimba pamoja gizani. Mei 9, alfajiri, walitoka kwa miguu yao wenyewe, na kengele ya kanisa ikagongwa mji mzima usikie. Siku hiyo hiyo Russell alitoka hospitalini akaenda kumzika Knight.

Kahama na Beaconsfield zimetenganishwa na bahari nzima. Beaconsfield kulikuwa na mitambo ya kutoboa mwamba, Nyangalata sururu na koleo. Lakini mtu wa Kahama akisimuliwa kuwa aliyetolewa kaburini asubuhi alikwenda msibani kwa mwenzake mchana, hahitaji kufafanuliwa. Anajua kwamba msiba haungoji mtu apone. Na Mwaustralia akisimuliwa juu ya watu waliochimba tena siku ya 41 kwa sababu ya sauti tu, naye anaelewa. Kuna jambo linaloifanya miji ya dhahabu ifanane, na jambo hilo halimo ndani ya mawe. Limo ndani ya masikio: nani anasikia mtu akiita, na akisikia anafanya nini.

Sauti inayopokezwa

Usukumani na Unyamwezini sauti ya hatari ina jina lake: mwano. Mtu akivamiwa, akiibiwa ng'ombe, nyumba ikishika moto au simba akiingia zizini, hupiga mwano. Anayeusikia hana hiari. Hutoka na upinde, rungu au jembe, naye huupokeza kwa jirani wa mbele, kaya kwa kaya na kijiji kwa kijiji, mpaka mwizi anayekimbia akute mbele yake watu walioamshwa na sauti iliyomtangulia. Aliyesikia akajifunika shuka huulizwa asubuhi. Asipokuwa na jibu, hutozwa faini. Kwa desturi hii, kusikia na kukaa kimya ni kosa linalokaribiana na wizi wenyewe.

Waaustralia nao wana mwano wao. Watu wa asili wa eneo la Sydney, Wadharug, walikuwa wakiitana porini kwa sauti ndefu inayopanda mwishoni: cooee. Walowezi wa Kiingereza waliofika kuanzia 1788 waliipokea haraka, kwa sababu msitu ule hauna huruma kwa mgeni, na anayepotea huokolewa na anayemsikia. Kutokana nayo Waaustralia wakapata namna ya kupima umbali: kitu kilicho karibu husemwa kiko ndani ya upeo wa cooee, yaani hapo ambapo mtu akiita atasikika. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wachache walitoka kwa miguu katika mji wa Gilgandra kwenda Sydney, karibu kilomita 500, wakipiga sauti hiyo kila mji waliopita ili wengine wajiunge na jeshi. Walipofika walikuwa zaidi ya 260.

Upimaji ule unanivutia mno. Sisi hupima ujirani kwa hatua, kwa uzio, kwa namba ya kiwanja. Mzee wa Kisukuma na mchungaji wa kondoo wa Australia waliupima kwa sauti. Jirani yako ni yule anayekusikia ukipiga kelele usiku. Kama ukuta wake unagusana na wako lakini hatatoka, huyo mmepakana tu.

Siafu wa Kahama

Kahama ina haki ya kuzungumza juu ya jambo hili, kwa kuwa hapa na katika vijiji jirani vya Nzega na Shinyanga ndipo lilipozaliwa jeshi la wananchi ambalo Tanzania nzima inalijua: sungusungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa ukanda huu walikuwa wamechoka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini bunduki zilikuwa zimezagaa. Duka la kijiji halikuwa na sabuni wala sukari. Majambazi waliingia usiku, wakaswaga ng'ombe, wakaua. Polisi walikuwa mbali, bila gari au bila mafuta, na mara nyingi mwizi aliyekamatwa Jumatatu alionekana mnadani Ijumaa. Tena vijiji vyenyewe vilikuwa vipya. Operesheni ya 1974 ilikuwa imewakusanya watu wa koo na maeneo tofauti kandokando ya barabara, watu ambao jana hawakuwa wakishiriki hata kisima.

Katika hali hiyo, mwaka 1981 na 1982, wanavijiji walianza kujipanga. Walijiita Wasalama, watu wa amani. Watu wengine waliwaita sungusungu, kwa jina la wale chungu weusi wanaotembea kwa msururu na kung'ata bila kuachia. Walichukua mwano wa mababu wakauongezea nidhamu: filimbi kila kaya, upinde na mishale, zamu za usiku, makamanda, katibu mwenye daftari, na kiongozi waliyempa cheo cha mtemi, miaka karibu 20 baada ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963. Aliyekataa kushiriki alitengwa. Hakuna wa kumwazima moto, hakuna wa kumchotea maji mkewe akijifungua, hakuna atakayefika msibani kwake. Kwa mtu wa Kahama, hukumu hiyo ni nzito kuliko jela.

Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyefanya utafiti Unyamwezini tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika juu ya vikundi hivi mwaka 1987, na maandishi yake yameifanya Kahama isomwe darasani na watu ambao hawatawahi kupita Isaka. Serikali mwanzoni ilisitasita. Baadhi ya wanasungusungu walikamatwa kwa kujichukulia sheria mkononi. Kisha chama na serikali wakaona kwamba vijiji vimefanya walichoshindwa wao. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, sungusungu wakapewa mamlaka ya kukamata. Mwaka 1990 Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akaupeleka utaratibu huo hadi kwenye mitaa ya Dar es Salaam. Ulinzi shirikishi wa leo ni mjukuu wa filimbi ya Kahama.

Anayeshika kamba

Australia ya leo nayo ilifinyangwa na dhahabu. Mwaka 1851 dhahabu ilionekana Ballarat, katika koloni la Victoria, na dunia ikamiminika huko. Victoria ilikuwa na watu wapatao 77,000 mwaka huo. Miaka kumi baadaye walikuwa kama 540,000. Walitoka Ireland, Cornwall, Ujerumani, Marekani na China. Mtu alilala kwenye hema kando ya mtu asiyejua lugha yake, dini yake wala jina la baba yake. Kwa maneno ya machimbo yetu, ilikuwa rashi, na rashi ya Ballarat haikutofautiana sana na ile tunayoiona Kahama na Geita kila mahali panaposikika kwamba mawe yamekubali.

Katika vurugu ile ndimo neno mate lilipopata uzito. Waaustralia humwita hivyo rafiki wa tangu utotoni, na pia mgeni aliyesimama kuuliza njia. Machimboni, mate alikuwa mshirika wa shimo. Dhahabu ya chini haichimbwi na mtu mmoja. Mmoja hushuka, mwingine hubaki juu akizungusha winchi, na uhai wa aliye chini unaning'inia kwenye mkono wa aliye juu. Kijana anayeshuka duarani Segese au Mwime leo hii hahitaji somo juu ya neno hilo. Kabla ya kuuliza mgawo wa viroba, huuliza: kamba anashika nani?

Ushirika wa mashimo ukakua kuwa ushirika wa mji. Mwanzoni serikali ya koloni iliwatoza wachimbaji shilingi 30 kila mwezi kwa leseni, wapate wasipate, na polisi waliwasaka mashimoni kama wahalifu. Mwishoni mwa Novemba 1854 wachimbaji wa Ballarat walikula kiapo chini ya bendera ya nyota za Msalaba wa Kusini kwamba watasimama pamoja na kutetea haki zao. Alfajiri ya Desemba 3 askari waliivamia ngome yao ya magogo, Eureka, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha kutokana na mapigano ya dakika chache. Watu 13 walishtakiwa kwa uhaini. Mabaraza ya mahakama, yaliyoundwa na raia wa kawaida, yaliwaachia wote. Leseni ikafutwa, mahali pake pakaja hati ya pauni moja kwa mwaka iliyompa mchimbaji pia haki ya kupiga kura. Peter Lalor, kiongozi wao aliyepoteza mkono katika shambulio hilo, aliingia bungeni kabla mwaka wa pili haujaisha.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa mashuleni. Mimi nayathamini zaidi yale yaliyofuata bila bunduki. Watu wa Ballarat waliokuja kuchota na kuondoka walianza kukaa. Wakachangishana wakajenga hospitali. Wakaunda vikosi vya kujitolea vya kuzima moto, kwa kuwa mji wa mahema na mbao huungua kwa cheche moja. Wakaweka maktaba ya mafundi. Wakajiunga na vyama vya kusaidiana kama Oddfellows, ambavyo mwanachama alitoa senti zake kila wiki, na akiugua au kufa, chama kilimtibu, kilimzika na kumtazama mjane wake. Ndiyo kusema, Ballarat ilikuwa na vyama vya kufa na kuzikana.

Kahama ya wageni

Kahama ya leo ni Ballarat ya namna yake. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 242,208 katika Halmashauri ya Mji wa Kahama. Sensa ya 2022 ilikuta idadi hiyo imekaribia maradufu, na mji umekuwa manispaa. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapa baada ya kuipa mgongo bandari kavu ya Isaka. Mashine za Kagongwa zinakoboa mpunga usiku na mchana. Tumbaku inatoka Ushetu. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, umefungwa, na eneo lake linageuzwa kuwa la viwanda. Soko la dhahabu lilifunguliwa mwaka 2019, na mchimbaji mdogo anapima gramu zake mchana kweupe badala ya kunong'ona uchochoroni. Katika mtaa mmoja utamkuta Msukuma, Mnyamwezi, Msumbwa, Muha, Mhaya, Mkurya na Mchaga. Hawakuunganishwa na ukoo. Wengi walikuja kutafuta, na mtafutaji huishi na begi lake likiwa halijafunguliwa.

Watu hawa wamefanyaje kuwa jamii? Wamefanya kama walivyofanya wa Ballarat, na kama Wasukuma wa miaka ya 1950 walivyofanya kwa elika, vile vikundi vya vijana vilivyolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, kwa ngoma na nyimbo, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja. Ngoma ya bugobogobo tunayoishangilia kwenye sherehe za kitaifa ilitokana na jembe la pamoja.

Nenda mtaa wowote wa Nyasubi au Malunga siku ya msiba. Turubai, viti na masufuria makubwa havikukodiwa. Ni mali ya kikundi cha mtaa. Katibu amekaa na daftari, anaandika nani ametoa ngapi. Wanawake wameshapanga zamu za jikoni kabla ndugu wa marehemu hawajashuka kwenye basi. Asiyefika bila udhuru atalipa faini, na faini hiyo itanunua viti vingine. Vijiwe vya bodaboda vina mwenyekiti, mweka hazina na kanuni. Kikoba cha akina mama wanaouza nyanya kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Mgeni aliyefika na begi huulizwa mambo mawili ndani ya mwezi wa kwanza: unaitwa nani, na umeshajiandikisha msibani?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Moyo wa kijamii haukumiminika kutoka mbinguni juu ya Kahama, wala Waaustralia hawakuzaliwa nao. Umeundwa kwa daftari, faini, zamu, kufuli na vikao vinavyochosha. Wanaosema ujirani unakufa kwa sababu watu siku hizi ni wabaya wanasahau kwamba kuna watu waliujenga kwa mikono, na kwamba usipojengwa hauwi.

Sauti isiyosikika

Makala hii ingekuwa na uongo ndani yake kama ingeishia hapo. Jamii inayojua kuitikia inajua pia kuziba masikio.

Mwaka 1855 Victoria ilipitisha sheria ya kumtoza kila Mchina aliyeshuka melini pauni 10. Wachina wakashukia Robe, katika koloni jirani, wakatembea mamia ya kilomita hadi machimboni. Mwaka 1857, katika bonde la mto Buckland, na mwaka 1861 huko Lambing Flat, wachimbaji weupe, mate kwa mate, waliwavamia, wakachoma mahema yao na kuwapora. Mwaka 1901, Australia ilipoungana kuwa nchi, moja ya sheria zake za mwanzo ilikuwa ya kuwazuia wasio weupe wasiingie, na sera hiyo haikumalizwa hadi 1973. Wenye ardhi ya Ballarat, Wawadawurrung, hawakuulizwa lolote. Watu wa asili walioufundisha umma mzima kuitana kwa cooee walinyang'anywa nchi hiyo hiyo. Oktoba 14, 2023, Waaustralia walipigia kura pendekezo la kuwapa watu hao chombo cha ushauri katika katiba, chombo kilichoitwa Sauti. Karibu asilimia 60 walisema hapana.

Nasi tusijisafishe. Kanda hii ya Shinyanga, Mwanza na Geita imeua bibi zake. Mwanamke aliyezeeka mbele ya moshi wa jiko la samadi ya ng'ombe macho yake huwa mekundu, na kwa wekundu huo ameitwa mchawi na kukatwa mapanga usiku. Aliposikika akilia, mwano haukupokezwa. Baadhi ya vikundi vya sungusungu, vilivyoundwa kulinda wanyonge, vilishiriki kuwatuhumu na kuwafukuza. Nchi jirani ya Kenya, katika eneo la Kisii, jina lile lile la sungusungu liliishia kuhusishwa na mauaji. Na mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliokuwa wamejenga maisha Bulyanhulu, kaskazini mwa Kahama, waliondolewa kupisha mgodi mkubwa. Hadi leo wapo wazee wanaoamini hawakusikilizwa.

Kuna kumbukumbu moja inayofaa kukaa karibu na hii. Mwaka 1976, katika msako wa waliokuwa wakiua wazee kwa tuhuma za uchawi mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakuwa amemgusa mtu. Mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yametokea chini ya dhamana yake. Miaka minane baadaye alikuwa Rais. Huko nako ni kuitikia: mtu aliita, akafa, na aliyekuwa na wajibu wa kusikia akakubali kwamba hakusikia.

Basi kipimo cha moyo wa jamii hakiwezi kuwa jinsi tunavyomkimbilia shangazi yetu. Hata chui humkimbilia mwanawe. Kipimo ni mwano wa mtu asiye wetu: mgeni wa jana, bibi anayesemwa vibaya, kijana wa Burundi anayelala chini ya lori, mchimbaji aliyeshuka duarani bila kutaja jina la kwao.

Moyo unahitaji vifaa

Usiku wa kuamkia Machi 4, 2015, mvua ya mawe ilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Nyumba za tope ziliwaangukia waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Waliofika kwanza walikuwa majirani walionusurika, na walifukua kwa mikono. Serikali na wasamaria walifika baadaye na mahema, unga na mablanketi. Hakuna aliyepungukiwa na moyo Mwakata. Walipungukiwa na tochi, koleo, machela, na mtu mmoja aliyefundishwa namna ya kumnyanyua aliyevunjika mgongo.

Hapa ndipo Australia ina la kutufundisha. Jimbo la New South Wales lina kikosi cha zimamoto vijijini chenye wafanyakazi wa kujitolea wapatao 70,000: walimu, mafundi bomba, wakulima, mama wa nyumbani. Hawalipwi mshahara. Lakini wana magari, mavazi, redio, mafunzo, bima na orodha ya majina. Katika kiangazi cha 2019 kuelekea 2020 moto ulipochoma nchini Australia mamilioni ya hekta na nyumba zaidi ya 3,000 na kuua watu 33, hao walikuwa miongoni mwa waliosimama mbele. Moto ulipozidi siku, ikaonekana kwamba mtu hawezi kuacha kazi yake wiki kwa wiki huku watoto wakila hewa, na mwishoni mwa Desemba serikali ikakubali kuwalipa fidia ya hadi dola 6,000 za Australia waliotumikia muda mrefu. Kujitolea hakukupoteza heshima kwa kufidiwa. Kulidumu.

Sungusungu wa Kahama walilijua hili zaidi ya miaka 40 iliyopita, walipoona kwamba mwano wa mababu bila filimbi, zamu na daftari hauwafikii majambazi wenye bunduki. Leo hatari imebadilika. Januari 2024 watu 22 walikufa kwa kufukiwa na kifusi katika machimbo ya Ng'alita, Bariadi, mkoa jirani wa Simiyu, baada ya mvua kubwa. Adui wetu mkubwa machimboni sasa ni udongo uliolowa, matimba yaliyooza na hewa iliyokatika. Vikundi vya kufa na kuzikana tunavyo, tena imara. Tunajua kuzika vizuri mno. Wakati umefika kwa vikundi hivyo hivyo, vyenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina tayari, kuwa pia vikundi vya kufukua. Kila eneo la machimbo liwe na vijana kumi waliofunzwa uokoaji, kamba za akiba, kofia, machela na pampu ya hewa, vinunuliwe kwa sehemu ya mgawo kabla haujagawanywa. Mwenye leseni achangie, mwenye duara achangie, wenye karasha na wachenjuaji wachangie. Halmashauri inayopokea ushuru iongeze juu yake.

Na kuna kitu kimoja kisichohitaji fedha. Migodini kwa Waaustralia, karibu na mlango, huwa kuna ubao wa vibao vya majina. Anayeshuka huweka kibao chake upande wa walio chini. Akipanda hukirudisha upande wa walio salama. Mwamba ukianguka, hakuna haja ya kuuliza ni wangapi au ni akina nani, ubao unasema. Russell na Webb walipotoka alfajiri ile ya Mei 9, baada ya siku 14, jambo walilofanya kabla ya kupanda gari la wagonjwa ni kwenda kwenye ubao na kuvisogeza vibao vyao upande wa salama.

Machimbo mengi madogo ya kwetu hayana ubao huo. Duara likititia, hubishaniwa kwanza walikuwa sita au walikuwa wanane, na yule kijana wa kofia nyekundu aliyefika juzi alishuka au alikwenda mjini. Wengine hufukuliwa bila jina, na mama yao Kigoma au Tarime huendelea kungoja simu. Katibu wetu wa msiba anaandika kila shilingi mia tano bila kukosea. Daftari la pili halitamshinda. Likae mdomoni mwa duara, kalamu ikiwa imefungwa kwa kamba, na kila anayeshuka aandike jina lake, la kijiji chake na namba ya simu ya ndugu yake. Akipanda, aweke alama.

Watano wa Nyangalata waliita kwa siku 41 na waliokoka kwa kuwa siku ya mwisho kulikuwa na mtu karibu. Hatuna hakika kwamba kila mara kutakuwa na mtu karibu. Lakini jina lililoandikwa huendelea kuita hata mwenyewe akiwa amekauka koo, na anayefungua daftari jioni akaona mstari usio na alama, huyo ameshasikia mwano. Kwa desturi ya nchi hii, aliyesikia hutoka.